Mwanga Unaorudi Kupitia Lenzi

Robi mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Uko hapo ng'ambo ya ukuta, na tangu tumalize kula nakusikia ukipanga nguo na kuzipangua. Mimi nimekaa huku mbele, studioni, kati ya printa na kile kiti cha picha za kitambulisho, na nimesimama mara nyingi kuliko mistari niliyoandika. Mtu akinichungulia dirishani atadhani ni mimi ninayesafiri kesho.

Sitakuandikia mambo ya sweta, ya kula vizuri, wala ya kupiga simu ukifika Nakuru. Shangazi yako Boke amekuja kutoka Migori na hayo yote, na asubuhi atayarudia tena kabla ya maombi. Mimi nina jambo moja. Jumapili tulipokuwa tukifunga studio uliniuliza swali, na mpaka sasa sijalijibu.

Ulisema, "Mama, wacha kunizungusha. Nikienda, utaweza?"

Nikakwambia betri za flashi hazijachajiwa. Jumatatu ukauliza tena, nikasema tutaona. Jana ukanyamaza, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu wewe ukinyamaza najua umeanza kujijibu mwenyewe.

Swali lako si la adabu tu. Jicho langu la kulia lina mtoto wa jicho, na la kulia ndilo ninalochungulia nalo kwenye kamera. La kushoto halijawahi kufanya kazi hiyo, nimelijaribu, linanipa picha ya kiatu cha bwana harusi. Daktari wa Homa Bay alitueleza sote wawili: upasuaji upo, na foleni nayo ipo. Mwaka huu wote mimi nabonyeza, wewe unaniambia nimebonyeza nini. Sasa wale wapiga picha za harusi wa Nakuru wamekuona, wamekutaka, na wewe umewaambia ndiyo huku ukiniangalia mimi usoni.

Nimeliandika jibu hapa juu nikalikata. Nikaliandika tena kwa njia nyingine, nikalikata pia. Kalamu inakimbilia mambo ya flashi, kama mdomo wangu ulivyokuwa ukifanya wiki nzima. Basi na ikimbilie. Labda itanifikisha ninakotakiwa kufika.

Kazi hii nilijifunza Migori mjini kwa Bwana Twalib, mtu wa Pwani aliyekuja na duka la picha akakaa mpaka akazeekea hapo. Nilikuwa nimetoka Sori ziwani juzi tu, bado nanuka dagaa wa omena, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuuzia samaki: ongeza, punguza, hiyo hapana. Hiki ninachokuandikia nilikipata kwake. Kikawa lugha ya nyumba yetu nilipoolewa na babako, kwa sababu yeye Mkuria, mimi Mjaluo, na hakuna kati yetu aliyekubali kushindwa.

Bwana Twalib alikuwa na kamera moja aliyoifuta kila asubuhi kabla hajajifuta yeye mwenyewe. Ilikuwa ya filamu, na ilipima mwanga wa flashi kupitia lenzi yake yenyewe, ile njia watu wa kazi huiita TTL. Kabla ya hapo tulikuwa tunakadiria. Unaangalia mtu yuko umbali gani, unasoma jedwali lililobandikwa mgongoni mwa flashi, unafungua lenzi kiasi hicho, unamwachia Mungu. Picha nyingi tulizomwachia Mungu hazikutoka.

Siku moja aliitoa lenzi, akakiacha kioo cha ndani kimeinuka, akaniita nichungulie. Chini mle ndani kulikuwa na kijicho kidogo kuliko punje ya mtama, kimeinamishwa kutazama mahali filamu inapokaa. Akanieleza taratibu, maana nilikuwa mzito. Mwanga wa flashi unatoka, unampiga mtu, unarudi, unapita kwenye lenzi, unaifikia filamu. Filamu nayo haiumezi wote, inarudisha kidogo. Kijicho kinahesabu hicho kinachorudi wakati picha yenyewe inapigwa, na kikiona imetosha kinaikata flashi hapo hapo. Tofauti ya picha nzuri na picha mbaya ni hiyo tu, flashi ilikatwa lini.

Nikamuuliza, sasa kama kamera inajua hivyo, mimi nimekuja hapa kufanya nini. Alicheka mpaka akakaa.

"Kamera haijui lolote, mwanangu," akaniambia. "Haijui kama inamtazama bibi harusi au gunia la makaa. Imeambiwa huko kiwandani kwamba dunia yote ni ya kijivu, basi kila ukiwekacho mbele yake itakivuta kiwe kijivu. Kazi yako wewe ni kuikatalia."

Akanionyesha kwa picha zilizoharibika, alikuwa nazo sanduku zima. Bibi harusi aliyejaza picha kwa gauni lake: mwanga mwingi umerudi, flashi imekatwa mapema, gauni limekuwa la rangi ya maji ya kuoshea vyombo na uso wa bibi harusi hauonekani. Mzee mwenye koti jeusi: mwanga kidogo umerudi, flashi imeendelea kumwaga, koti limekuwa jivu na uso wa mzee umepauka kama amepakwa unga. Kwenye cheupe unaongeza, kwenye cheusi unapunguza, kinyume kabisa cha unavyodhani. Niliitikia kwa kichwa kwamba nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilikuja kuelewa baadaye, mahali pabaya.

Nimesimama tena. Nimeenda kuangalia kama mlango wa mbele umefungwa kwa komeo. Umefungwa.

Babako alifariki hujaanza shule. Aliendesha lori la tumbaku, akaugua kwa muda mfupi, akaenda. Tulimzika kwao, upande wa Kehancha. Desturi ya picha ya mwisho unaijua, umeshaifanyia kazi mara nyingi kuliko watoto wa rika lako: jeneza linawekwa sebuleni, kile kidirisha cha kioo juu ya uso kimefunuliwa, na mwendesha shughuli anaita makundi. Ndugu wa marehemu. Wakwe. Watu wa kanisa. Kila kundi linasimama kando, linapigwa, linatoka. Watu huzitunza picha hizo kuliko za harusi.

Mimi nilikuwa nimeketishwa ukutani na wanawake wa boma, nimefunikwa leso, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa kulia. Na nilikuwa nalia. Lakini hili jicho langu la kulia halikujua kwamba limefiwa. Lilimwona kijana waliyemkodi amesimama wima mbele ya jeneza, ameinamisha kamera moja kwa moja kwenye kioo. Kila akibonyeza naona flashi inagonga kioo na kumrudia yeye. Nikajua kinachotokea humo ndani. Mwanga wa kioo unaingia mzima kwenye lenzi, kijicho kinahesabu, kinasema imetosha, kinaikata flashi kabla watu hawajapata chochote cha maana. Wangekuja kupewa doa jeupe na giza pande zote.

Wakaita watoto wa marehemu. Ulikuwa wewe peke yako.

Nikainuka. Sikufikiri kabisa. Nilimnyang'anya yule kijana kamera, leso kichwani, uso umelowa, nikasogea pembeni mpaka kioo kikaacha kunirudishia mwanga, nikakupiga. Baba yako mkubwa akasema kwa Kiswahili, ili nisikose hata neno moja, "Kumbe huyu mwanamke amekuja kazini."

Neno hilo limekaa na mimi mpaka leo, na kuna watu wa ukoo huo bado wananisalimia wakiangalia pembeni. Kwa ajili yao sikujuta. Nilijuta picha ilipotoka. Kioo nilikikwepa, gauni lako nikalisahau. Shangazi Boke alikuwa amekuvisha lile jeupe la kanisani, ndani ya jeneza kulikuwa na kitambaa cheupe kinachometameta, na mimi nikavijaza vyote viwili katikati ya picha. Ilikuwa ni kugeuza kidude kimoja, kuiambia kamera iongeze, hiki ni cheupe cha kweli. Nilikuwa nimeliona kosa la yule kijana vizuri mno hata sikuliona langu lililokuwa mbele ya macho. Weupe ule ukarudi, flashi ikakatwa, na ndiyo picha uliyoizoea ndani ya Biblia yangu: gauni limesimama kando ya jeneza, halina mtoto. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unauliza huyu ni nani. Nakwambia ni wewe, unakataa.

Halafu mwaka jana, bila kuniambia, ukaifukua negativu, ile filamu yenyewe, kwenye sanduku langu, ukaipiga picha kwa kamera yako mpya, ukakaa nayo kwenye kompyuta jioni nzima. Ukanitolea uso. Una chengachenga kama umemwagiwa mchanga, lakini macho yapo. Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba pale ulikuwa unamtazama babako. Kumbe ulikuwa unanitazama mimi. Uso wenyewe ni uleule ulionitazama nao Jumapili, unauliza kitu kilekile. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Nikae chini nimalize.

Kamera za dijitali zilipokuja ndipo nilipokukosea wewe hasa. Ulikuwa kidato cha pili, umekuja kunishikia vitu kwenye harusi ya Homa Bay. Niliweka flashi ya zamani nyuma ya watu, ile aliyoniachia Bwana Twalib alipofunga duka, yenye kijicho chake ubavuni. Enzi za filamu ilikuwa haina shida: ikiona flashi ya kwenye kamera imewaka, nayo inawaka papo hapo, ukuta wa nyuma unapata mwanga. Siku ile picha zote nyuma ni giza, na mimi naiona flashi kwa macho yangu inawaka! Nikakugeukia mbele ya bibi harusi na wasimamizi wake, nikakwambia umegusa usichokijua, umeniharibia kitu cha Bwana Twalib. Ulibeba begi mpaka nyumbani.

Ni wewe uliyekuja kunieleza baada ya siku chache, kwa upole ambao sikuustahili. Kwamba kile kibapa kinachopokea picha kwenye dijitali hakirudishi mwanga kama filamu, kinang'aa kwa namna yake, kwa hiyo hesabu ya zamani haifai. Kamera mpya huonja kwanza. Kabla shata, pazia la ndani ya kamera, haijafunguka, flashi inatoa mwanga mdogo. Unaenda, unampiga mtu, unarudi kupitia lenzi, kamera inapima, inaamua, ndipo shata inafunguka na flashi yenyewe inatoka na nguvu iliyokwisha kuamuliwa. Ni haraka mno hata watu wanaona mmweko mmoja. Lakini flashi yangu ya nyuma ilikuwa inauona ule mdogo, inadhani ndio wenyewe, inamwaga kila ilichonacho. Picha inapokuja kupigwa haina kitu tena. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inajibu mapema.

Ukanifundisha kuizima ile njia ya kuonja nikitaka kutumia flashi mbili. Ukaniokoa pia na ile kwaya ya hapa Rodi, maana wenye kope nyepesi walikuwa wanafumba macho kwa ule mwanga wa kwanza na picha inawakuta wamefumba. Unamkumbuka mwalimu wa kwaya alivyozirudisha? "Nyar Sori," akaniambia, maana kwa wateja mimi ni binti wa Sori hata nizeeke vipi, "hii ni picha ama ni maombi? Watu yote wamefunga macho." Ukabonyeza kitufe ukaufanya ule mwanga wa kuonja utoke peke yake kwanza, wafumbe, wafumbue, ndipo ukawapiga. Wote macho wazi, hata yule wa sauti ya nne ambaye huwa analala kwenye mahubiri.

Msamaha sikukuomba. Jioni ya siku uliyonieleza nilikuwekea kipande kikubwa cha samaki, nikajiambia umeelewa. Leo nakuomba kwa maneno. Nisamehe, Robi. Nilikuaibisha mbele ya watu kwa kitu nisichokijua mimi.

Na tazama nilivyofanya wiki hii. Nimekuwa naonja. Nakwambia Nakuru kuna baridi, nakuchungulia usoni. Nakwambia binti wa mwenye duka la dawa alienda Eldoret akarudi, nakuchungulia. Nakwambia jicho leo liko afadhali, naangalia kama umefurahi au umeudhika. Nilitaka kwanza nijue utapokea vipi ndipo niseme nililo nalo. Kamera yako hulimaliza hilo kabla mtu hajapepesa, mimi nimelala nalo tangu Jumapili na bado. Ile "tutaona" yangu ni neno la kijivu kabisa. Bwana Twalib angeniwekea neno hilo kwenye lile sanduku lake la picha zilizoharibika.

Sasa Mfangano. Nimekuwa naikwepa tangu nianze kuandika.

Mwezi uliopita tulipovuka ziwa kwenda kisiwani kwenye yale mazishi ya mzee, ulinitangulia kwenye jeneza, ukasogea kando ya kioo, ukageuza kidude chako, ukapiga. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo kukuelekeza, nikaufunga. Kisha wenyeji wakakuita ukale, nami nikasema wajukuu nitawapiga mwenyewe, nisije nikaonekana nimekuja kubeba mwavuli wa flashi. Asubuhi kamera niliyoishika ilikuwa imepiga kwaya yenye majoho meupe, na bado ilikuwa imeambiwa iongeze. Wajukuu nao walikuwa wamevaa nguo nyeusi tupu, kwenye sebule ya giza, na ngozi zetu hizi ambazo kamera haikutengenezwa kwa kuzitazama. Kamera peke yake ilikuwa tayari kuzidisha, na mimi nimeizidishia juu yake. Nikaangalia skrini, nikaona watu, nikaridhika. Weupe ule niliouona nikadhani ni jicho langu, nimeuzoea.

Ulirudi, ukaangalia mara moja, ukafuta. Ukawaita wajukuu wote tena, hata waliokuwa wameshaenda ziwani kunawa. Ukawaambia, "Poleni sana, ni mimi nilisahau kubadilisha kamera. Turudie kidogo tu." Bibi mmoja akakugombeza kwa Kijaluo kwamba vijana wa siku hizi hawana makini, na msiba si mahali pa kujifunzia kazi. Ukainamisha kichwa ukaitikia.

Ulidhani sikusikia. Nilikuwa nyuma ya mlango na kifuniko cha lenzi mkononi, nasikia mtoto wangu akigombezwa mara ya pili kwa flashi ambayo hakuiharibu, na safari hii amejitolea mwenyewe. Kwenye boti ya kurudi Mbita ukanionyesha zile picha ulizorudia, ukasema, "Umeona Mama, umezipiga poa." Nikasema asante. Sijui ni nani kati yetu alidanganya zaidi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Sitaweza.

Picha za kitambulisho nitapiga. Mtu ameketi pale pale, ukuta ni ule ule, hakuna kinachobadilika, hata nikifumba jicho nitazipata. Harusi sitaweza. Mazishi sitaweza, na bado nitayakubali, maana unanijua kiburi changu. Nitaharibu picha ya mtu ambayo haiwezi kurudiwa, na hakutakuwa na wa kuwaita wajukuu tena. Upasuaji unaweza kuja mwakani, unaweza kuchelewa, sijui. Na jioni nikifunga studio hakutakuwa na mtu wa kugombana naye kuhusu nani alisahau kuchaji betri. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko jicho.

Na nataka uende. Ukibaki hapa kwa sababu ya jicho langu, utakuwa unapiga picha zangu, siyo zako. Itafika siku utanichukia kidogo. Utalificha hilo vizuri kama ulivyoficha la Mfangano, nami nitalijua kama nilivyojua la Mfangano, na tutakaa hapa tukiambiana umepiga poa, asante.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii kwenye mfuko wa begi la kamera, uikute gari likiwa limepita Kisii. Asubuhi mbele ya shangazi yako ningekwambia nitaweza, uende kwa amani, halafu ukweli ukukute njiani ambako huwezi kufanya nao kitu. Nimeukunja hata mkunjo wa kwanza. Lakini huko ni kukutega, Robi. Uliniuliza ili uamue, hukuniuliza ili ulie ndani ya gari kati ya watu usiowajua.

Naipitisha chini ya mlango wako sasa hivi, najua uko macho. Isome ukiwa bado na nafasi ya kubaki. Shangazi akiniuliza asubuhi nitamwambia nitaweza, kwa sababu ni shangazi. Wewe usinisikilize.

Ukitoka na begi, nitakusindikiza mpaka stegi, na nitajikaza mpaka gari ligeuke kwenye kona ya kuelekea Rongo. Ukitoka bila begi, nitakasirika sana, na nitafurahi sana, na usiniulize lipi litakuwa kubwa. Nimekaa hapa jioni nzima nikilipima, na silijui.

Mama